Rahisi Huvunja Upishi? Habari za Motokaa ya Bei Nafuu



Wahenga walituachia methali isemayo, "Rahisi huvunja upishi." Maana yake ni kwamba anayenunua kitu kwa sababu ya bei ndogo tu, mara nyingi hujuta chakula kikiwa mezani. Methali hii ina kweli nyingi, na kila aliyenunua viatu vya bei ya kutupa akavikuta vimefumuka kabla ya muhula kwisha anaijua kweli hiyo. Lakini je, ni kweli siku zote? Haiwezekani kitu kikawa cha bei nafuu na bado kikawa kizuri?

Swali hili limezusha mabishano makali katika darasa letu la mwaka wa tano hapa Kagugu, na chanzo chake ni motokaa. Tarehe 27 Juni 2018 kampuni ya Volkswagen ilizindua mjini Kigali kazi ya kuunganisha magari. Wenzetu wengine husema kwamba siku itafika ambapo mwalimu, muuguzi na mkulima wa kahawa watanunua gari jipya lililoundwa hapa hapa nchini. Wengine hucheka, wakasema kwamba motokaa mpya ni ya tajiri, na sisi tuliobaki tumeandikiwa basi, pikipiki na magari yaliyokwisha kutumiwa na watu wa nchi nyingine. Nimezisikiliza pande zote mbili, nikaona kwamba zote zinakosa mfano wa kupimia maneno yao. Basi nimeona vema nilete mfano mmoja wa kweli, wa nchi ambako motokaa ilitoka mikononi mwa matajiri ikaingia mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Nchi hiyo ni Marekani, na habari zenyewe ni za miaka iliyo kati ya vita kuu viwili vya dunia. Tutaanza nyuma kidogo, ili tuone mzizi kabla ya matawi.

Jinsi bei ilivyoshuka

Motokaa za kwanza zilitengenezwa moja moja, kama vile sonara anavyofua pete. Kila moja ilikuwa na vipimo vyake, na kipuri cha moja hakikuingia katika nyingine. Kwa sababu hiyo zilikuwa ghali mno, na wenye nazo walikuwa watu wa kasri na vilabu.

Henry Ford, mtoto wa mkulima wa Michigan, alitaka kufanya kinyume. Mwezi wa Oktoba 1908 alitoa motokaa iliyoitwa Model T. Ile ndogo ya viti viwili iliuzwa dola 825. Bei hiyo ilikuwa bado kubwa kwa mtu wa kawaida, lakini motokaa yenyewe haikuwa ya hovyo. Sehemu zake muhimu zilifuliwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa na vanadiamu, ambacho ni chepesi na kigumu. Tumbo lake liliinuliwa juu ya ardhi, kwa maana barabara za mashamba ya Marekani siku zile zilikuwa matope na makorongo. Tafadhali likumbukeni jambo hili la tumbo kuinuliwa, maana tutalirudia tutakapofika Afrika Mashariki.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1913 katika kiwanda cha Highland Park, karibu na Detroit. Kabla ya hapo motokaa ilisimama mahali pamoja, na mafundi waliizunguka wakichukua vyombo huku na huku. Katika machinjio ya Chicago watu walikuwa wameona nyama ikipita mbele ya wachinjaji ikiwa imetundikwa kwenye kulabu, na kila mmoja akikata sehemu yake tu. Wahandisi wa Ford waliugeuza mpango huo: badala ya kuvunja kitu kizima kuwa vipande, wao waliunganisha vipande mpaka vikawa kitu kizima. Sasa fundi alisimama, na motokaa ikapita mbele yake ikivutwa polepole. Huyu alitia gurudumu, yule alikaza parafujo, wa tatu alitia usukani. Muda wa kuunganisha chasisi moja ulikuwa kama saa 12 na nusu. Ulishuka ukawa dakika 93. Saa 12 na nusu ni dakika 750. Gawanyeni 750 kwa 93, mtaona kwamba kazi iliyochukua muda wa motokaa moja sasa ilitoa nane.

Mjomba wangu ni seremala katika Gakiriro ya Gisozi, jirani zetu hapa. Nikimtembelea wakati wa likizo huona kwamba mikono yake ni myepesi sana, lakini siku yake huliwa na mambo mengine: kutafuta randa, kungoja misumari, kupima leo mguu wa kiti alioupima jana. Kila kiti kwake ni kazi mpya. Huuza kiti kizuri, lakini wateja wake humwambia kwamba dukani wamekiona kingine cha kutoka ng'ambo kwa bei ndogo zaidi. Yeye hujibu kwamba cha dukani ni kibovu. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine cha dukani ni kizima, na kimekuwa rahisi kwa sababu aliyekitengeneza hakupoteza saa nzima akitafuta randa. Hilo ndilo alilolionyesha Ford: kwamba bei inaweza kushushwa kwa kupunguza hatua za miguu bila kupunguza ubora wa chuma.

Hata hivyo kazi ile ilichosha roho. Mtu aliyekaza parafujo moja kutwa alijiona amegeuka parafujo. Wafanyakazi waliacha kazi ovyo, hata katika mwaka 1913 kampuni iliajiri zaidi ya watu 50,000 ili kujaza nafasi kama 14,000 tu. Ndipo mwezi wa Januari 1914 Ford alipotangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, wakati ujira wa kawaida kiwandani mwake ulikuwa kama dola 2.34 kwa saa 9. Haikuwa sadaka. Sehemu ya fedha zile ilitolewa kwa wale tu waliohesabiwa kuwa na mwenendo mwema, na wakaguzi wa kampuni waliwafuata watu hadi majumbani kuwatazama wanavyoishi.

Sasa tupige hesabu. Kwa ujira wa dola 2.34, motokaa ya dola 825 iligharimu kazi ya siku 353, yaani karibu mwaka mzima bila kula wala kulala. Kufika katikati ya miaka ya 1920, motokaa ile ile ya viti viwili ilikuwa imeshuka mpaka dola 260. Kwa ujira wa dola 5, hiyo ni kazi ya siku 52. Angalieni kwamba mambo mawili yalikwenda pamoja: bei ilishuka na ujira ulipanda. Lingekwenda moja peke yake, safari ingekuwa nusu tu.

Mlima na petroli

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 karibu nusu ya motokaa zote duniani zilikuwa za Ford. Lakini Model T ilikuwa na upungufu wake, na mmoja wao ni somo zuri la fizikia kwa sisi tunaokaa milimani.

Katika motokaa nyingi za Model T, tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, wala hapakuwa na pampu. Petroli ilishuka yenyewe kwa uzito wake mpaka kwenye kabureta, karibu na injini. Njia ikiwa tambarare, mpango huu ulifaa. Lakini tuseme dereva anapanda mlima mkali kama ile inayozunguka Kigali, na tangi limebaki na petroli kidogo. Mbele ya motokaa huinuka, nyuma huinama. Sasa injini iko juu na tangi liko chini, na petroli haipandi mlima yenyewe. Injini hukohoa, kisha huzimika.

Madereva wa siku zile walifanya nini? Waligeuza motokaa, wakapanda mlima kinyumenyume! Kwa kufanya hivyo tangi lilikuwa juu na injini chini, na petroli ikatiririka. Tena gia ya kurudi nyuma ilikuwa na nguvu kuliko gia ya kwanza. Fikirini basi letu la asubuhi likiupanda mlima wa Kagugu kwa mgongo, abiria wote wakitazama walikotoka!

Kuiendesha pia kulihitaji mafunzo ya pekee. Ilikuwa na pedali tatu chini, lakini hazikuwa kama zile tunazozijua. Ya kushoto ilikuwa ya kubadili gia, ya katikati ya kurudi nyuma, na ya kulia ya breki. Petroli iliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani.

Mgema akisifiwa

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Ford hakulitia maji tembo lake, lakini alifanya jambo lililo karibu na hilo: alikataa kulibadili. Tangu mwaka 1914 mpaka 1925 Model T iliuzwa kwa rangi nyeusi tu. Mwenye mali aliamini kwamba amekwisha kutengeneza motokaa inayowatosha watu wote, na kwamba lililobaki ni kupunguza bei peke yake.

Wakati huo kampuni ya General Motors, chini ya Alfred Sloan aliyekuwa rais wake tangu 1923, ilifuata njia nyingine. Motokaa yake ya bei ya chini iliitwa Chevrolet. Haikuwa rahisi kama Ford, lakini ilikuwa na gia za kisasa na sura ya kupendeza. Kazi ya Chevrolet iliongozwa na William Knudsen, ambaye zamani alikuwa mtu wa Ford mwenyewe.

Tena General Motors ilikuwa na silaha ya pili, nayo ni mkopo. Mwaka 1919 iliunda kampuni yake ya kukopesha wanunuzi. Mtu alilipa sehemu ya bei, akaondoka na motokaa, akamaliza deni lake mwezi kwa mwezi. Ford alichukia madeni. Mwaka 1923 alileta mpango wake, ambao mnunuzi aliweka akiba ya dola 5 kila juma mpaka bei itimie, ndipo apewe motokaa. Kwa mizani ya maadili, mpango wa Ford ulikuwa na busara. Lakini watu hawakuupenda. Walitaka kupanda motokaa wakiwa wanalipa, wala si kulipa wakiwa wanatembea kwa miguu.

Matokeo yalionekana upesi. Tarehe 26 Mei 1927 Model T ya milioni 15 ilitoka kiwandani, na kampuni ikatangaza kwamba motokaa hiyo inakoma. Viwanda vilifungwa kwa muda wa karibu nusu mwaka ili mitambo ibadilishwe, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakakosa ujira. Mwaka ule Chevrolet ikaongoza kwa mauzo. Hapo tunajifunza kwamba kiwanda kilichopangwa kwa kitu kimoja tu huwa kigumu kugeuka, kama treni isiyoweza kuacha reli. Na asiyepewa nafasi ya kusema, yaani mfanyakazi, ndiye aliyelipa gharama ya mwenye kiwanda kuchelewa.

Model A

Tarehe 2 Desemba 1927 motokaa mpya, Model A, ilionyeshwa kwa watu. Edsel Ford, mwana wa Henry, alishughulika sana na umbo lake. Bei yake ilianzia dola 385. Bei hii ilikuwa juu ya ile ya mwisho ya Model T, lakini tazameni mnunuzi alichopata:

Kwanza, injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 40, mara mbili ya Model T. Pili, ilikuwa na breki kwenye magurudumu yote manne. Tatu, kioo cha mbele kilikuwa cha tabaka, ambacho kikivunjika hakirushi vipande vya kukata uso. Nne, pedali na gia zake zilipangwa kwa namna ambayo dereva wa leo angeitambua: klachi, breki, kijiti cha gia. Tano, tangi la petroli liliwekwa juu, kati ya injini na kioo cha mbele. Kwa hiyo mlima ulipandwa uso ukiwa mbele!

Watu waliipokea kwa furaha. Kufika mwezi wa Februari 1929 motokaa milioni moja zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na mwezi wa Julai mwaka huo huo zikafika milioni mbili. Chevrolet nayo haikulala. Mwaka 1929 ilitoa motokaa ya silinda sita kwa bei iliyokaribia ya silinda nne. Chrysler ilikuwa imeingia uwanjani mwaka 1928 kwa motokaa iliyoitwa Plymouth. Wafalme watatu wakagombea kiti kimoja, na mnunuzi akafaidi.

Kisha mwishoni mwa 1929 ukaja mdororo mkubwa wa uchumi. Marekani ilikuwa imeunda magari zaidi ya milioni 5 mwaka 1929. Mwaka 1932 iliunda kama milioni 1.3 tu. Model A ilikoma mwezi wa Machi 1932, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 4.8. Mwisho wa mwezi huo Ford alitangaza motokaa mpya yenye injini ya silinda nane, nguvu za farasi 65, kuanzia dola 460. Injini za silinda nane zilikuwa mali ya matajiri. Mafundi wake walipata namna ya kusubu bloku ya injini kama kipande kimoja cha chuma, na kwa hiyo ikawa nafuu.

Lakini mwezi huo huo una habari nyingine, wala si haki kuiacha. Tarehe 7 Machi 1932 maelfu ya watu wasio na kazi waliandamana kwenda kiwanda cha Ford cha River Rouge kudai kazi na msaada. Polisi na walinzi wa kampuni waliwapiga risasi. Watu wanne walikufa, na wa tano akafa baadaye kwa majeraha. Ford hakukubali kupatana na chama cha wafanyakazi mpaka mwaka 1941. Kwa hiyo tukisifu motokaa ya bei nafuu, tusisahau kuuliza swali la pili: unafuu huo ulilipwa na nani?

Zilivyofika Afrika Mashariki

Sasa turudi nyumbani. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya Waingereza, na mtu angedhani kwamba barabara zake zingejaa motokaa za Kiingereza. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1920 Ford na Chevrolet na wenzao wa Kimarekani ndio walioonekana kwa wingi. Sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni mkataba. Mkutano wa Berlin wa 1885 ulilifanya bonde la Kongo, pamoja na nchi za mashariki yake hadi bahari ya Hindi, kuwa eneo la biashara huru. Mkataba mwingine wa mwaka 1919 uliendeleza jambo hilo. Kwa hiyo katika Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, mtawala hakuruhusiwa kuziwekea bidhaa za nchi yake ushuru wa upendeleo. Motokaa ya Detroit na motokaa ya Uingereza zilipita mlango mmoja wa forodha kwa masharti yale yale.

Ya pili ni barabara. Tangu mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilitoza motokaa kodi ya pauni moja kwa kila nguvu ya farasi, na nguvu hizo zilihesabiwa kwa upana wa silinda. Basi waundaji wa Kiingereza walitengeneza injini ndogo, nyembamba, za kufaa barabara laini za kwao. Motokaa ya Kimarekani ilizaliwa katika matope ya mashambani, nayo ilikuwa na injini kubwa na tumbo lililoinuliwa. Matope ya Marekani na matope ya Afrika ni ndugu. Hii ndiyo sababu niliwaomba mlikumbuke jambo lile.

Tena watu wa huku hawakupokea tu. Katika Kenya ilikuwa desturi kuagiza chasisi na injini bila bodi. Mafundi, wengi wao Wahindi, waliitengenezea bodi ya mbao yenye umbo la sanduku, pana na imara, ya kubeba watu, mbwa, mahindi na mahema. Ulikuwa ushirika wa ajabu: chuma cha kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani, na mbao zilizopigwa randa na seremala. Nikipita Gakiriro na kusikia misumeno, huwaza kwamba mafundi wetu wangeijua kazi ile mara moja.

Lakini motokaa bila barabara ni sanduku tu. Huku Ruanda-Urundi, chini ya Wabelgiji, barabara nyingi za miaka ya 1920 na 1930 zilichimbwa kwa jembe na mikono katika milima hii hii. Waliochimba waliamriwa kufanya kazi ile kwa lazima, na Wanyarwanda waliiita akazi. Wengi wao hawakupanda motokaa hata siku moja. Bei iliyoandikwa dukani haikuwahesabu, lakini sisi tunaosoma tunapaswa kuwahesabu.

Njia ya kufika Kigali

Jambo la mwisho litawashangaza wengi. Kiwanda kilichozinduliwa Kigali mwaka 2018 kina undugu na habari hizi. Mhandisi Ferdinand Porsche, aliyebuni motokaa ya kwanza ya Volkswagen, alisafiri kwenda Marekani mwaka 1936 na tena 1937, akakitazama kiwanda cha Ford cha River Rouge ili ajifunze. Serikali ya Hitler iliwaahidi Wajerumani motokaa ya marki 990. Mnunuzi alitakiwa kuweka akiba ya marki 5 kila juma mpaka bei itimie. Mpango huu mwaukumbuka: ni ndugu wa ule wa Ford wa 1923. Watu kama 336,000 waliweka fedha zao. Vita vikaja, kiwanda kikatengeneza magari ya jeshi, na hakuna mwenye akiba hata mmoja aliyepata motokaa yake kabla ya vita kwisha. Baada ya vita motokaa ile iliundwa kweli kwa ajili ya raia, na mwaka 1972 ikaivuka Model T kwa idadi.

Basi tupime mabishano ya darasani. Kiwanda cha Kigali kilipoanza, uwezo wake ulitajwa kuwa hadi magari 5,000 kwa mwaka. Katika siku moja ya mwaka 1925 Ford aliunda Model T zaidi ya 9,000. Tofauti hii haitokani na werevu wa mafundi, kwa maana vijana wa Kigali wanaweza kukaza parafujo sawasawa na wa Detroit. Tofauti ni idadi ya wanunuzi. Mstari wa kuunganisha ni mtambo wenye njaa. Usipolishwa maelfu ya wanunuzi, bei haishuki. Ford aliwapata kwa kupandisha ujira, na General Motors iliwapata kwa mkopo. Nasi tutawapata kwa namna gani? Soko la Jumuiya ya Afrika Mashariki lina watu zaidi ya milioni 300, lakini hesabu ya watu si hesabu ya wanunuzi, mpaka ujira wao na mikopo yao ikutane na bei.

Maoni yangu ni kwamba wenzangu wanaotumaini wana haki ya kutumaini, ila wasitazame kiwanda peke yake. Tena huenda chombo chetu cha bei nafuu hakitakuwa na magurudumu manne. Mwaka 2019 kampuni ya Ampersand ilianza Kigali biashara ya pikipiki za umeme, ambazo dereva hubadili betri iliyokwisha kwa iliyojaa. Kwa kuwa hailazimu dereva kununua betri, bei ya mwanzo hupungua. Hiyo ni akili ile ile ya kutafuta mahali bei inapojificha.

Na methali yetu je? Rahisi huvunja upishi pale unafuu unapotoka katika kuiba: kuiba chuma, kuiba unga, au kuiba jasho la mtu. Unafuu unaotoka katika kupanga kazi vizuri hauvunji upishi. Mjomba wangu ameanza kukata miguu ya viti ishirini kwa siku moja, na migongo yake siku ya pili, kwa kipimo kimoja cha mbao alichokitundika ukutani. Bei yake bado haijaishinda ya dukani, lakini pengo limepungua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini dereva wa Model T alipanda mlima mkali kinyumenyume? Choreni picha ya motokaa mlimani, muonyeshe tangi na injini.

2. Kama ujira ungebaki dola 2.34 kwa siku, motokaa ya dola 260 ingegharimu kazi ya siku ngapi?

3. Kati ya mpango wa akiba wa Ford na mkopo wa General Motors, ninyi mngechagua upi, na kwa nini?

4. Tajeni kazi moja ifanywayo Kagugu au kijijini kwenu ambayo bei yake ingeweza kushuka bila kupunguza ubora wala kumpunja mfanyakazi. Elezeni hatua zake moja moja.